Fanani Asiye na Hadhira: Uhakiki wa Uwasilishaji wa Kazi za Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Goma

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa kiasi fulani ngano, methali na nyimbo. Upo utanzu mmoja wa kusema unaotendwa kila mwaka mbele ya macho ya wahakiki wenyewe, nao huamua hatima ya vijana wengi, lakini ni nadra kuuona ukihakikiwa. Utanzu huo ni wasilisho la mwanafunzi, yaani zile dakika kumi au kumi na tano ambapo mwanafunzi husimama mbele ya walimu na wenzake ili kueleza kazi aliyoifanya. Mjini Goma, wasilisho la darasani hujulikana kama ekspoze. Lile la mwisho wa masomo, linalofanyika mbele ya jopo la walimu, ndilo tutakaloliita hapa utetezi wa kazi.

Kwa kawaida wasilisho hujadiliwa kama suala la ufundi mdogo: mwanafunzi asiwe na woga, awatazame watu, apaze sauti, achunge saa. Nasaha hizo si mbaya, ila hazifiki kwenye kiini cha tatizo. Makala haya yanadai kwamba udhaifu mkuu wa mawasilisho ya wanafunzi wa Goma ni kukosa hadhira. Watu wapo ukumbini, pengine wamejaa hadi mlangoni, lakini maneno yanayosemwa hayakuandaliwa kwa ajili yao. Tutalitazama wasilisho kwanza kama utendaji, kisha tutahakiki namna linavyofanyika. Baadaye tutaeleza kwa nini katika mji huu upungufu huo una gharama kubwa kuliko alama za mtihani, na mwisho tutapendekeza namna ya kuliandaa wasilisho lenye msikilizaji.

2.0 Wasilisho kama utendaji

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Faida ya maelezo hayo ni kwamba yanamtoa mchambuzi katika mazoea ya kuyatazama maneno peke yake. Ngano iliyomo kitabuni ni kumbukumbu ya kilichotendwa; tendo lenyewe lilikwisha pale watu walipotawanyika.

Vigezo hivi havikuwekwa kwa ajili ya wasilisho la kitaaluma, lakini vinalifaa bila taabu. Mwanafunzi ni fanani. Walimu, wenzake na jamaa zake ni hadhira. Muhtasari wa utafiti ndiyo fani, utetezi ndilo tukio, ukumbi ndipo mahali, na dakika alizopewa ndio wakati. Mwanafunzi anayedhani kwamba kazi yake ni kuyatoa mdomoni yale yaliyomo katika maandishi amechukua jambo moja kati ya sita na kuyaacha matano.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta kipimo cha utendaji mzuri. Mwaka 1956, miongoni mwa Wanyanga wa Walikale, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, Candi Rureke aliutenda utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili, na baadaye Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauhariri na kuutafsiri. Utendi huo ulichapishwa mwaka 1969 kwa Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo umesomwa katika vyuo vikuu vingi duniani. Msomaji wa kitabu hukutana na mtoto wa ajabu anayekataliwa na baba yake. Waliokuwapo walikutana na zaidi ya hayo: Rureke aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, huku midundo ikimsindikiza na watu wakiziitikia nyimbo zake. Kuitikia kwao kulikuwa sehemu ya utendi.

Hatusemi kwamba mwanafunzi wa jiolojia aingie ukumbini na njuga miguuni. Taaluma ina adabu zake, na jopo la walimu halikukusanyika kuburudishwa. Tunachosema ni kwamba fanani wa Walikale alijua kila saa kama watu wake wamo pamoja naye au wamemwacha, na kwamba ujuzi huo ulikuwa nusu ya sanaa yake. Mwanafunzi wetu hupewa miaka kadhaa ya mafunzo ya kuandika na kunukuu, lakini ni nadra kufundishwa hata kwa saa moja namna ya kutambua kwamba msikilizaji amepotea njia.

Wala kipimo hiki si cha kale tu. Katika kilio, yaani mkusanyiko wa matanga, husimama mmoja wa jamaa kuwaeleza waombolezaji jinsi marehemu alivyougua hadi kufa. Atataja siku ugonjwa ulipoanza, dalili zake, zahanati ya kwanza waliyoiendea, dawa zilizotolewa, uamuzi wa kumhamishia hospitali kubwa, na saa ya mwisho. Husema polepole. Hutaja mashahidi waliopo: huyu ndiye aliyemsindikiza, yule ndiye aliyelala naye wodini. Anafahamu kwamba wamo wasikilizaji wenye shaka, wanaotaka kujua kwa nini hakupelekwa mapema au nani aligombana naye, na hulijibu swali lao kabla halijaulizwa. Maelezo hayo yana mpangilio, yana ushahidi, na yana utetezi ndani yake. Mhakiki akiyasikiliza vizuri atagundua kwamba yana karibu kila kitu kinachodaiwa katika wasilisho la kitaaluma. Msemaji wake anaweza kuwa ni yule yule kijana ambaye wiki iliyopita alishindwa kuinua macho kutoka kwenye karatasi mbele ya mwalimu wake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kijana huyu hajui kusema mbele ya watu. Inatupasa kuuliza chuo kikuu kimemfanya nini.

3.0 Wasilisho lilivyo

Ili kulijibu swali hilo, tulitazame wasilisho la kawaida la utetezi. Mfano ufuatao si wa mwanafunzi fulani. Ni picha iliyokusanywa kutokana na mazoea ambayo kila aliyewahi kuketi katika kumbi hizo atayatambua.

Kwanza huja salamu. Mwanafunzi humsalimu mwenyekiti wa jopo, wajumbe mmoja mmoja kwa vyeo vyao, msimamizi wake, wakuu wa kitivo, wageni waheshimiwa, wazazi, wenzake na marafiki. Heshima ni jambo jema, na hapana mwenye utu atakayeipinga. Lakini katika dakika kumi na tano, salamu na shukrani zinazokula dakika tatu zimekula moja ya tano ya wakati. Aidha, zinamfundisha mwanafunzi kwamba watu waliomo ukumbini ni orodha ya vyeo, kumbe ni watu wanaongoja kuelewa jambo.

Pili huja ramani ya sura. Mwanafunzi husema kwamba, mbali na utangulizi na hitimisho, kazi yake ina sura tatu: ya kwanza inahusu fasili za dhana, ya pili inaeleza mahali pa utafiti, na ya tatu inatoa matokeo. Huu ni muundo wa kitabu. Msomaji wa kitabu huihitaji ramani hiyo kwa kuwa anaweza kufunua kurasa, kurudi nyuma na kuruka mbele. Msikilizaji hana kurasa za kufunua. Kinachomshika ni swali: kuna shida gani, na huyu kijana amegundua nini? Mara nyingi jibu huja katika dakika mbili za mwisho, kwa haraka, wakati mwenyekiti ameshatazama saa.

Tatu ni kusoma. Sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya jicho ina vishazi ndani ya vishazi. Sikio halina subira nayo. Mwanafunzi mwenyewe hulijua hilo, ndiyo maana huisoma kwa kasi moja kama mtu anayevuka daraja bovu. Hupanda na kushuka kwa sauti kulingana na nafasi za pumzi, si kulingana na maana. Takwimu husomwa zote, pamoja na desimali zake, na hakuna inayobaki kichwani mwa msikilizaji.

Nne ni maswali. Hapa ndipo utetezi ungepaswa kuwa hai kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hadhira sasa imepata sauti. Lakini mwanafunzi aliyeandaa karatasi tu hana lolote lililoandaliwa kwa saa hii. Baadhi huinamisha kichwa na kuyakubali yote, hata yale ambayo kazi yao inayakanusha. Wengine hujibu kila swali kwa kulirudia. Pengine na walimu tunachangia: tunapouliza juu ya mkato uliokosewa katika ukurasa wa 43 tunalihakiki andiko, na tunamthibitishia mwanafunzi kwamba alifanya vyema kutoandaa kitu kingine.

Wakati huo wote, katika viti vya nyuma wameketi jamaa waliokuja na maua. Baba ameuza mbuzi au amekopa ili kulipa ada. Mama amefunga soko lake asubuhi hiyo. Wanajua kushangilia mwisho wa tukio, na watashangilia. Ukiwauliza mtoto wao amegundua nini, hawataweza kusema, na hakuna mtu katika ukumbi aliyedhani kwamba ingewapasa kuweza.

4.0 Suala la hadhira na lugha

Tumefika mahali ambapo suala la lugha haliepukiki. Utetezi hufanyika kwa Kifaransa. Mji wa Goma husema Kiswahili sokoni, kanisani, garini na nyumbani. Ni rahisi kuhitimisha kwamba Kifaransa ndicho chanzo cha ubaridi wote tulioueleza, lakini hitimisho hilo halitoshi, na historia ya nchi yenyewe inalikanusha.

Tarehe 30 Juni 1960, katika sherehe za uhuru mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na Rais Kasa-Vubu walikwisha kuhutubu. Kasa-Vubu alianza kwa kumwelekea mfalme, kama itifaki ilivyotaka. Kisha Patrice Lumumba alisimama, ingawa hotuba yake haikuwa katika ratiba, naye akaanza kwa kuwaita Wakongo, wanaume kwa wanawake, waliopigania uhuru. Alitumia Kifaransa kile kile. Tofauti ilikuwa katika uamuzi wa kwanza ambao kila msemaji huufanya, ajue asijue: nasema na nani? Mfalme alikuwa ameketi mbele, lakini Lumumba alisema na waliokuwa nje ya ukumbi wakisikiliza redio, na kila kitu kingine katika hotuba hiyo kilitokana na uamuzi huo.

Kwa hiyo hadhira ndiyo inayotangulia, na lugha hufuata. Mwanafunzi akiisha kuamua kwamba anasema na jopo peke yake, Kifaransa kinamtosha. Akiamua kwamba wale wa viti vya nyuma nao ni hadhira, hana budi kutafuta lugha yao. Sheria haimzuii. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inavitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa ambazo dola inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Juu ya hayo, Kongo ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022, na mwaka huo huo, mwezi Februari, Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kinachokosekana ni mazoea.

Katika miji mingine jambo hili lingeweza kubaki mjadala wa wanaisimu. Goma haina anasa hiyo. Mji umejengwa chini ya Nyiragongo, volkano ambayo lava yake ni nyepesi na hutiririka kwa kasi. Ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Ililipuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ililipuka mara nyingine, na lava ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali ya jimbo iliamuru mitaa kumi ihamwe, kwa hofu ya magma iliyodhaniwa kuwa chini ya mji na ya Ziwa Kivu, na watu laki kadhaa wakashika njia ya Sake, Rutshuru na Rwanda. Watu hao walikuwa na maswali ya haki: magma ni nini, iko wapi, inaweza kutokea wapi, na kwa nini ziwa linatajwa? Maswali ya namna hii ndiyo yanayotafitiwa katika vyuo vikuu. Mtu anayeweza kuyajibu kwa ufasaha katika lugha ya mji hatengenezwi siku ya mlipuko. Hutengenezwa katika mawasilisho ya miaka ya nyuma, au hatengenezwi kabisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni mazuku. Hewa ya ukaa hutoka ardhini katika sehemu kadhaa za magharibi mwa Goma. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani wala haina harufu. Huua mbuzi na kuku, na imekwisha kuua watu. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu zaidi na ardhi. Wenyeji waliijua hatari hii na kuipa jina la mazuku, neno ambalo msemaji wa Kiswahili sanifu hulisikia karibu na mzuka. Wanasayansi wa nje walipofika hawakuleta neno bora. Walilichukua hilo hilo, na leo mazuku ni istilahi katika maandishi ya volkano kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili cha Goma kimeipa sayansi ya dunia neno. Ingekuwa ajabu kubwa ikiwa mwanafunzi wa Goma angelitetea utafiti wake kuhusu mazuku bila mtu yeyote wa Bulengo, ambako kwa miaka kadhaa waliokimbia vita waliishi kambini juu ya ardhi hiyo hiyo, kuelewa alichosema.

Tulinganishe fungulizi mbili za wasilisho kama hilo. Ya kwanza, iliyotafsiriwa kutoka katika mazoea, ingekuwa hivi: “Kazi hii, inayohusu mchango katika uchunguzi wa mtawanyiko wa hewa ya ukaa katika ukanda wa magharibi wa mji wa Goma, ina sura tatu mbali na utangulizi na hitimisho.” Ya pili ingekuwa hivi: “Ukiwasha kibiriti huku umesimama katika bonde hili alfajiri, kitawaka. Ukikishusha hadi magotini, kinaweza kuzimika. Mtoto wa miaka mitatu anapumua hewa ya pale kibiriti kinapozimika. Nimepima hewa hiyo, na ninataka kuwaonyesha ni wapi isingefaa kujenga nyumba.” Ya pili haina elimu pungufu kuliko ya kwanza. Inadai zaidi, na kwa hiyo inamweka msemaji katika hatari ya kuulizwa maswali magumu zaidi. Hivyo ndivyo utetezi unavyopaswa kuwa.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza litauliza: Kiswahili kipi? Goma husema “niko nasoma” mahali pa “ninasoma”, “batu” mahali pa “watu”, na “mingi” hata pale sarufi ya sanifu inapodai “nyingi”. Pingamizi hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili, anayetarajiwa kuimudu lugha sanifu na kuifundisha. Kwa mwanafunzi wa jiolojia, kilimo au afya halina uzito huo. Akisema na wakazi wa Goma, lugha ya Goma ni halali yake, mradi aiseme kwa utaratibu na asiichanganye na Kifaransa kila anapokwama. Sisi wa idara za Kiswahili tungefanya kosa kubwa kama tungegeuka askari wa sarufi mlangoni mwa ukumbi, kwani tungewarudisha wasemaji kwenye ukimya wanaojaribu kuutoka.

Pingamizi la pili ni la istilahi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno. Msemaji mzuri huanza kwa maelezo na kumalizia kwa istilahi: hueleza mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi kwa moto, kisha huyaita magma. Baada ya hapo neno ni la msikilizaji. Anayeanza kwa istilahi humfungia mtu mlango, hata katika Kifaransa, na wajumbe wa jopo wanaotoka vitivo vingine wanaweza kushuhudia.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Shahada ya Kifaransa humfungulia kijana milango ya Kinshasa, Kisangani, Brussels na Montréal. Je, tunataka kumfungia Goma? La. Hatupendekezi kukiondoa Kifaransa. Tunapendekeza kuongeza. Mwanafunzi anayeweza kulisema jambo lake katika lugha mbili ana milango mingi zaidi. Tena, kulisema upya jambo kwa lugha ya nyumbani ni mtihani wa ufahamu usiodanganyika. Sentensi ya Kifaransa inaweza kuhamishwa kutoka kitabuni hadi kinywani bila kupita akilini. Sentensi hiyo hiyo kwa Kiswahili lazima ijengwe, na anayeijenga hugundua papo hapo kama ameielewa. Kahombo Mateene, aliyeshiriki katika kuuhariri na kuutafsiri utendi wa Mwindo, baadaye aliiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, na akatumia miaka mingi kuzitetea lugha za Kiafrika katika elimu. Mwanazuoni huyo alikuwa na Kifaransa na Kiingereza kama zana zake za kazi, wala hakuona kwamba zana hizo zinamdai anyamaze katika lugha nyingine.

6.0 Maandalizi ya wasilisho lenye msikilizaji

Uhakiki usioonyesha njia humwacha mwanafunzi alipokuwa. Mambo yafuatayo yanatokana moja kwa moja na hoja zilizotangulia.

Jambo la kwanza ni kuiandika kazi nzima katika sentensi moja ambayo mama anayeuza sambaza sokoni Kituku angeielewa na kuwa na la kusema juu yake. Sentensi hiyo isipopatikana, bado kuna kitu hakijaeleweka, na hakuna ufundi wa sauti utakaokificha.

La pili ni kuchagua. Dakika kumi na tano hazitoshi kusoma hata kurasa kumi bila kukimbia, sembuse sabini. Mambo matatu yanatosha: shida, ugunduzi na maana yake. Namna ya utafiti ielezwe kwa kiasi cha kumfanya msikilizaji aamini matokeo. Fasili za dhana zibaki katika maandishi. Takwimu zisizidi mbili au tatu, na kila moja ilinganishwe na kitu kinachojulikana: urefu wa mtoto, umbali wa kutoka uwanja wa ndege hadi ziwani, ndoo za maji ya nyumba moja kwa siku.

La tatu ni karatasi. Mwanafunzi aandike vichwa vya hoja katika ukurasa mmoja, ayahifadhi maneno ya kufungulia na ya kufungia, na katikati aseme kwa maneno yatakayomjia. Maneno hayo yatakuwa na makosa madogo. Makosa hayo ni alama ya mtu anayefikiri mbele za watu, na wasikilizaji huyasamehe upesi kuliko usomaji usio na kosa. Picha za ukutani zisitegemewe peke yake, maana umeme hukatika. Asiyeweza kueleza bila picha hajawa tayari kueleza.

La nne ni mazoezi, nayo yafanywe kwa sauti mbele ya mtu asiye wa kitivo hicho. Baada ya kusema, mwanafunzi asimwulize kama amependa, kwa kuwa atajibiwa kwa adabu. Amwombe amrudishie alichosikia. Palipo na kimya au upotovu ndipo pa kurekebishwa. Walimu nao wanaweza kuliingiza zoezi hili katika ekspoze za mwaka wa kwanza, ambapo mwanafunzi mmoja husema na mwingine huombwa arudie hoja kabla ya swali lolote kuulizwa.

La tano ni maswali. Yaandikwe maswali matano ambayo mwanafunzi anayaogopa kuliko yote, na kila moja lipatiwe jibu la sentensi tatu. Mtu wa kilio tuliyemtaja hafanyi jingine. Anapoulizwa asilolijua, mwanafunzi aseme kwamba hakulipima, na aeleze lingeweza kupimwa vipi. Kukiri mpaka wa kazi ni sehemu ya elimu. Anayekubali kila kitu ameiacha kazi yake bila mtetezi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wasilisho la mwanafunzi ni utendaji, kwamba utendaji hauwi bila hadhira, na kwamba katika Goma hadhira hiyo ina sababu za uhai na mauti za kutaka kuelewa. Lawama haimwangukii mwanafunzi peke yake. Semina zetu wenyewe, hata zile zinazofanywa kwa Kiswahili na kuhusu Kiswahili, mara nyingi ni watu wanaosomeana karatasi kwa zamu. Tunawafundisha wanafunzi kuwa fanani ni lazima aijue hadhira yake, kisha tunaketi na kuwasomea notsi kuhusu jambo hilo.

Pendekezo letu ni dogo, na halihitaji bajeti wala sheria mpya. Kila utetezi uanze kwa dakika tano za Kiswahili, kabla ya wasilisho la Kifaransa, ambapo mwanafunzi atawageukia wale wa viti vya nyuma na kuwaeleza alitafuta nini, amepata nini, na linawahusu vipi. Kisha mwenyekiti aruhusu swali moja kutoka huko nyuma. Huenda mwanzoni asijitokeze mtu, kwa kuwa watu hawa wamezoeshwa kwamba mahali hapa si pao. Lakini siku mama aliyefunga soko lake atakaponyosha mkono na kumwuliza mwanawe kama bonde lile la jirani nalo lina mazuku, jopo litakuwa limepata kipimo cha wasilisho ambacho hakimo katika fomu zake za alama.